Daktari aliyeanguka dirishani Bagamoyo: usisubiri anguko ndipo upime macho

Leo nitakusimulia maisha ya daktari mwenzangu aliyefariki zaidi ya miaka 130 iliyopita. Kwanza nikueleze kwa nini nimemkumbuka.

Baba yangu anaishi Nyololo, wilayani Mufindi, pale barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya inapoachana na ile ya Igowole, Kibao na Mgololo. Asubuhi moja ya ukungu alikosea ngazi mbele ya nyumba yake mwenyewe, nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akaanguka na kuvunjika mkono. Alisema kosa ni la ukungu. Wanaoijua Nyololo watakubali kwamba ukungu wake si wa mchezo. Lakini tulipompeleka kupimwa, ukungu ulikuwa ndani ya macho yake. Alikuwa na mtoto wa jicho, kulia na kushoto.

Kwa karibu miaka miwili alikuwa ameacha kusoma gazeti, akidai siku hizi herufi zinachapishwa ndogo. Nami, binti yake mwenye shahada ya udaktari, nilimwamini. Aliposhauriwa kufanyiwa upasuaji alikataa katakata. Ndipo nikamweleza habari za Emin Pasha.

Kijana asiyeona mbali

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Alizaliwa Machi 28, 1840 katika mji wa Oppeln, uliokuwa chini ya Prussia na leo uko Poland. Alisomea udaktari Breslau, Königsberg na Berlin, akahitimu mwaka 1864. Hakupata kibali cha kufanya kazi kwao, hivyo akaenda kuajiriwa na serikali ya Waturuki, akawa daktari wa karantini katika bandari ya Antivari, pwani ya bahari ya Adria. Alikuwa mwepesi wa lugha, na huko akaongeza Kituruki na nyingine kadhaa.

Mwishoni mwa mwaka 1875 alifika Khartoum, Sudan. Mwaka uliofuata, Charles Gordon, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta, alimchukua kuwa daktari mkuu wa jimbo lake. Hapo ndipo alipojulikana kwa jina la Emin. Gordon alimtuma pia kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Mwaka 1878 Emin mwenyewe akawa gavana wa Ikweta, jimbo lililoenea kusini mwa Sudan Kusini ya leo hadi Ziwa Albert.

Waliomfahamu wameandika jambo moja kwa kurudia: alikuwa na tatizo kubwa la kutoona mbali. Bila miwani alikuwa kama kipofu, na hata akiwa nayo aliisogeza karatasi hadi karibu iguse pua. Hata hivyo mwandiko wake ulikuwa mdogo na nadhifu. Alichuna na kukausha maelfu ya ndege na wanyama wadogo na kuwapeleka kwenye makumbusho ya Ulaya. Kuna shomoro mmoja mdogo wa Afrika Mashariki na panya buku mmoja wa misitu ya Kongo ambao majina yao ya kisayansi yanatokana na jina lake.

Huenda unajiuliza, mtu asiyeona anawezaje kuchuna ndege mdogo kuliko kidole gumba? Jibu ndilo somo letu la kwanza.

Kutoona mbali ni nini?

Jicho lenye afya hukusanya mwanga na kuufikisha hasa juu ya retina, utando ulioko nyuma ya jicho. Kwa mtu asiyeona mbali, mara nyingi mboni nzima ya jicho imerefuka kupita kiasi. Mwanga unakutana kabla haujafika kwenye retina, hivyo kilicho mbali kinaonekana kimefifia. Kilicho karibu sana kinaonekana vizuri, pengine kuliko mtu mwingine anavyokiona. Ndiyo sababu Emin aliweza kuhesabu manyoya ya ndege mkononi mwake lakini hakuweza kumtambua mtu aliye upande wa pili wa chumba.

Mzazi, hili linakuhusu. Mtoto asiyeona mbali hatakuambia, kwa sababu hajawahi kuona kwa namna nyingine. Anadhani watu wote wanaona hivyo. Wewe ndiye uangalie: je, anakikaribia sana kitabu au televisheni? Anakunja uso akitazama ubao? Ananakili kwa jirani badala ya ubaoni? Amekataa mpira kwa sababu hauoni ukija? Watoto wa namna hii huitwa wavivu au wazito wa kuelewa, kumbe wanahitaji miwani tu. Mpime kabla hajaanza darasa la kwanza, kisha urudie kila mwaka au miwili, hasa kama wewe au mwenzako mnavaa miwani.

Miwani haiharibu macho. Haifanyi jicho lizoee uvivu. Kinachodhuru ni kumnyima mtoto miwani katika miaka ya mwanzo, ambapo ubongo bado unajifunza kuona. Jicho lisilopata picha safi katika umri huo linaweza kubaki hafifu maisha yote, hata likivalishwa miwani baadaye. Mpe pia mtoto nafasi ya kucheza nje mchana. Utafiti umeonesha kuwa watoto wanaokaa nje zaidi hawapati tatizo hili kwa wingi kama wale wanaoshinda ndani.

Njia ya kuelekea Bagamoyo

Turudi kwa Emin. Mwaka 1885 Khartoum ilianguka mikononi mwa wafuasi wa Mahdi, na jimbo lake likakatika na ulimwengu. Alihamia kusini, Wadelai, karibu na Ziwa Albert. Habari za gavana daktari aliyesahauliwa zilipofika Ulaya, Henry Morton Stanley akatumwa kumwokoa. Walikutana kando ya ziwa hilo mwezi Aprili 1888. Miezi michache baadaye askari wa Emin waliasi na kumfunga. Aprili 1889 hatimaye msafara ulianza kurudi pwani, mamia ya watu kwa miguu, akiwamo binti yake mdogo, Ferida, ambaye mama yake alikuwa Mwethiopia aliyekwisha kufariki.

Wakati huo Emin alikuwa anakaribia miaka 50, na waliosafiri naye walieleza kuwa mtoto wa jicho alikuwa amejitokeza. Hapa pana somo la pili. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho inapopoteza uwazi wake, kama kioo cha dirisha kinapoingia mvuke. Kwa wengi hutokana na umri, baada ya miaka 60. Lakini kwa mtu mwenye kutoona mbali kwa kiwango kikubwa, mwenye kisukari, aliyeumia jicho, mvutaji wa sigara, au aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, huweza kuja mapema zaidi. Emin alikuwa na tatizo moja, likamletea la pili.

Msafara uliingia Bagamoyo Desemba 4, 1889. Usiku huo Hermann von Wissmann, kamishna wa Wajerumani, aliwaandalia karamu ghorofani. Emin alikuwa mwenye furaha, akizunguka na kuzungumza na wageni. Kisha akatoweka. Inaelezwa kwamba aliliendea dirisha lenye kizingiti cha chini akidhani ni mlango wa kutokea kwenye roshani. Alianguka hadi mtaani. Fuvu lilipasuka, damu ikamtoka masikioni.

Fikiria, msomaji. Mtu huyu alipona vita, maasi, kifungo, njaa na miezi minane ya safari ya miguu. Kilichokaribia kumuua ni dirisha, katika usiku wa kwanza wa usalama.

Anguko ni dalili

Mzee anapoanguka huwa tunalaumu ngazi, viatu, giza au miguu. Mara chache tunauliza macho. Mtu mwenye mtoto wa jicho hatambui vizuri tofauti ya mwangaza na kivuli, hivyo ukingo wa ngazi unampotea. Taa za magari usiku zinamtawanyikia machoni. Rangi zinafifia na kuwa kama zimepakwa manjano. Hapati maumivu, na kwa sababu hali inakuja polepole, anajizoesha kidogo kidogo: anaacha kusoma, anaacha kushona, anaacha kutoka jioni, anamwagia chai pembeni ya kikombe na kucheka. Sisi tulio karibu tunasema ni uzee.

Ukiwa na mzazi wa miaka 60 au zaidi, fanya jaribio hili jepesi. Mwombe afumbe jicho moja, akusomee kichwa cha habari cha gazeti hili, kisha abadilishe jicho. Wengi hugundua siku hiyo kwamba jicho moja lilikwisha kuacha kazi zamani.

Tiba ilikuwapo

Emin alilala hospitalini Bagamoyo kwa wiki nyingi. Thomas Parke, daktari wa msafara wa Stanley, alikuwa miongoni mwa waliomhudumia mwanzoni, kisha madaktari wa Kijerumani. Akapona. Meli za kwenda Ulaya zilikuwapo. Na hapa ndipo mimi, kama daktari, hunisikitisha habari yake.

Berlin aliyoisoma Emin katika miaka ya 1860 ilikuwa na Albrecht von Graefe, mpasuaji wa macho aliyeheshimika kuliko wote zama hizo, aliyeboresha njia ya kutoa lenzi yenye mtoto wa jicho. Mwaka 1884 Karl Koller wa Vienna aligundua kwamba matone ya kokeini yanatia ganzi jicho, na tangu hapo mgonjwa akaacha kupasuliwa huku akishikiliwa kwa nguvu. Mwaka 1890, wakati Emin yuko Bagamoyo, daktari wa Austria aitwaye Vincenz Fukala alichapisha kazi yake ya kuwatoa lenzi watu wenye kutoona mbali kwa kiwango kikubwa ili waone bila miwani mizito. Yaani upasuaji mmoja ungeweza kumwondolea Emin ukungu na kumpunguzia pia tatizo lake la tangu ujana. Haukuwa bila hatari, kwa sababu hapakuwa na dawa za kuua vijidudu kama za leo. Lakini ulikuwapo, na yeye alikuwa daktari.

Hakwenda. Aprili 1890 alianza safari tena kuelekea bara, safari hii akiwa mtumishi wa Wajerumani, pamoja na Franz Stuhlmann. Alipandisha bendera yao Tabora, na mwezi Novemba mwaka huo akaanzisha kituo cha Bukoba. Kwa wenyeji wa huko yeye si shujaa wa hadithi. Alikuja kuwafungulia njia watawala wa kigeni. Jina lake limebaki kwenye ghuba moja ya kusini mwa Ziwa Victoria.

Upasuaji wa leo

Mtoto wa jicho hauna dawa ya matone, ya kunywa, asali wala majani. Baadhi ya majani yanayokamuliwa machoni huunguza konea, kioo cha mbele ya jicho, na kuacha kovu ambalo ni gumu kuliko ugonjwa wenyewe. Tiba ni kuitoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia.

Lenzi hiyo ya bandia ilianza kuwekwa mwaka 1949 London na Harold Ridley. Alikuwa amewatibu marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, akaona jicho linavivumilia. Leo ziko njia mbili kuu. Ya kwanza, mpasuaji anafungua tundu dogo na kuitoa lenzi nzima. Haihitaji mashine ya gharama na inafaa sana kwa mtoto wa jicho uliokomaa. Ya pili hutumia mashine inayoisaga lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuinyonya kupitia tundu dogo zaidi. Mikononi mwa mpasuaji mzoefu, zote zina matokeo mazuri. Mtu mzima kwa kawaida hutiwa ganzi ya jicho tu, na kazi huchukua muda mfupi, mara nyingi chini ya nusu saa. Jicho haling'olewi nje na kurudishwa, kama wengi wanavyoamini.

Si lazima usubiri mtoto wa jicho aive. Muda wa kupasuliwa ni pale unaposhindwa kufanya shughuli zako. Ukichelewa sana, lenzi inakuwa ngumu na upasuaji nao unakuwa mgumu. Baadaye utatumia matone kwa wiki kadhaa, hutasugua jicho, hutabeba mzigo mzito, na maji machafu hayataingia. Jicho likiuma, likiwa jekundu zaidi au uoni ukishuka, rudi siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Mweleze pia daktari kama una kisukari au presha ya macho, maana retina au mshipa wa jicho ukiwa umeharibika, lenzi mpya peke yake haitarudisha uoni wote.

Kwa asiyeona mbali, miwani ndiyo njia ya kwanza na salama. Lenzi za kuvaa machoni zinafaa kwa mtu mwangalifu wa usafi. Upasuaji wa leza hurekebisha umbo la konea. Haufai mtoto, wala mtu ambaye namba ya miwani yake bado inabadilika, wala mwenye konea nyembamba. Kwa namba kubwa mno, huweza kuwekwa lenzi ya ziada ndani ya jicho. Kumbuka kwamba hata ukipata leza, jicho lililorefuka linabaki limerefuka, na retina yake huweza kubanduka. Ukiona vimulimuli vya ghafla, vidoa vingi vinavyoelea, au kama pazia linashuka upande mmoja, ni dharura. Nenda hospitali leo.

Na kwa mzazi: ukiona weupe katikati ya jicho la mtoto, hata kama ni kwenye picha ya simu tu, usingoje akue. Huenda ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa, ambaye akizidi katika macho yote mawili hutakiwa kuondolewa ndani ya miezi mitatu ya kwanza hivi. Huenda pia ni saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa mtoto anaokolewa. Makengeza nayo yana tiba. Usiambiwe yatajinyoosha yenyewe.

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, wanaohitaji zaidi hupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa Iringa au ya kanda Mbeya. Ulizia pia siku za kliniki za mkoba za macho.

Mwisho wa Emin

Mwaka 1891 Emin na Stuhlmann walivuka kwenda magharibi, kwenye misitu ya Kongo. Ndui ikaingia kambini. Desemba mwaka huo Emin alimwamuru Stuhlmann awachukue wazima na kurudi nao Bukoba. Yeye alibaki na wagonjwa. Kufikia hapo alikuwa karibu haoni kabisa. Wakati nchi yote ilikuwa katika vita kati ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kwa upande mmoja na Wabelgiji kwa upande mwingine, daktari asiyeona aliendelea kusonga na wachache waliosalia. Oktoba 1892, huko Kinena, mashariki mwa Kongo, watu waliotumwa na mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo walimkamata na kumuua. Alikuwa na miaka 52.

Siwezi kusema kwamba macho mazuri yangemwokoa na maadui. Ninachosema ni kwamba alibaki na wagonjwa wake hadi mwisho, akawatunza wote ila mgonjwa mmoja, naye ni yeye mwenyewe. Madaktari tuna ugonjwa huo. Wazazi mnao pia: mnampeleka mtoto kliniki, ninyi mnabaki na macho yenye ukungu mkisema mtakwenda mwakani.

Baba aliisikiliza habari hii kimya. Mwishoni aliuliza kama Emin alipoanguka alimlaumu mtu aliyejenga dirisha. Nikamwambia sijui. Akacheka, akasema yeye alimlaumu ukungu. Wiki mbili baadaye alipasuliwa jicho la kulia, na sasa ananiuliza tarehe ya la kushoto. Ukurasa huu hatasomewa; atausoma mwenyewe.

Wiki ijayo tutazungumzia presha ya macho, ugonjwa usio na dalili za mapema na ambao uoni ukipotea haurudi. Kabla ya hapo, fumba jicho moja, kisha jingine, na umpime hivyo hivyo kila aliye nyumbani kwako.